Baba Dogo hadi Kwenye Kamera, kwa Tumbo Tupu

Wote mliopita hapa mtaani Baba Dogo kunijulia hali wiki hii mmeona kitanda changu kimeinuliwa kwa matofali upande wa kichwa, na kila mmoja ametoka na hadithi yake. Mama Atieno wa jirani anasema ninaogopa mafuriko. Wengine mmesema nimetembelea mganga. Wateja wangu wa kiwandani, ambao kwa siku tatu walikula mkate mkavu kwa sababu kibanda kilikuwa kimefungwa, wananiuliza kwa hasira kana kwamba nilikwenda Mombasa kuogelea. Nimechoka kusimulia jambo moja mara ishirini huku chapati zikiungua, kwa hivyo nimeandika. Someni, kisha mniache nipike.

Mambo ya fomu na kupanga miadi nayaruka, mnayajua. Asiyejua kilichonipeleka ajue haya. Kwa zaidi ya miaka mitatu nimekuwa nikiungua kifua. Mtaani kwetu kila anayeungua kifua ana alsa, vidonda vya tumbo, hata kama hajapimwa na mtu, kwa hivyo nami nikajipa alsa. Nikanywa maziwa baridi, nikanywa maji ya kabichi, nikawa natafuna odowa, lile jiwe laini la sokoni ambalo akina mama wajawazito hulipenda, maana likifika mdomoni moto unatulia kidogo. Kiuno nilikifunga leso kwa nguvu ili tumbo litulie. Miezi miwili iliyopita chakula kikaanza kukwama njiani, hapa katikati ya kifua, na hapo ndipo nilipoacha kujitania.

Baba yangu alianza hivyohivyo. Kiungulia alikicheka miaka mingi, akimeza vidonge vya dukani, mpaka siku aliposhindwa kumeza uji. Walipompima, uvimbe ulikuwa umeshaziba njia. Mimi ndiye niliyekuwa nikimlisha kwa kijiko, na ndiye niliyeacha kumlisha kijiko kilipokuwa hakina kazi tena. Daktari aliposema lazima nitiwe kamera aone umio wangu, yaani mrija wa kupitishia chakula, nilitaka kujua jambo moja tu: je, ni ule wa baba?

Masharti yalikuwa matatu. Nisile chochote tangu usiku. Maji niyanywe kidogo tu, mwisho saa nne asubuhi. Na niende na mtu wa kunisindikiza. Nikikosea nitarudishwa nyumbani, na zamu nyingine ni baada ya miezi miwili. Zamu yangu ilikuwa saa nane mchana.

Baba Dogo hadi Huruma

Nilifunga kibanda, nikatoka saa mbili kasorobo, nikakuta steji kukavu. Matatu zote zimegoma. Watu walikuwa wanatembea barabarani kama siku ya krusedi. Bodaboda zilikuwepo, ila zilibeba watu watatu watatu, na mimi nikibanwa na kukunjwa tumbo, asidi hupanda mpaka kooni na kuniachia uchungu mdomoni. Nikaona heri miguu. Kutoka kwetu hadi Kaloleni, anakoishi wa kunisindikiza, ni mbali kwa mtu aliyeshiba, sembuse mimi.

Sikuwa nimefika hata barabara kuu, nikakutana na wateja wangu wanaingia zamu. Ochi, yule fundi wa mashine za plastiki, akasimama mbele yangu kama askari wa kaunti.

"Mama Kevo, unatembea tu hivyo na jiko haijawashwa? Leo tutakula nini?"

Nikamwambia nimefunga, naenda hospitali. Kosa langu la kwanza. Alisikia nimefunga tu. Kabla sijafafanua alikuwa ameshawaambia wenzake kwamba Mama Kevo yuko kwa maombi, na mmoja, Mkristo mzuri sana, akaniomba nimkumbuke, kuna kesi ya shamba kwao Vihiga. Nikakubali. Ningefanya nini? Saa zilikuwa zinakwenda.

Huruma bomba lilikuwa limepasuka na barabara imegeuka ziwa. Tulipita mmojammoja juu ya mawe, na mbele yangu alikuwa mzee aliyekataa kuharakishwa, kila jiwe analifikiria kwanza. Nusu saa ikaishia hapo. Nilikuwa nimevimba kwa hasira, kifua kinawaka, na mkono wangu ukafanya ulichozoea kufanya nikiudhika. Ukaingia kwenye pochi, ukatoa kipande cha odowa, ukakitia mdomoni. Nilikitafuna mara mbili kabla ya kukumbuka.

Nilitema palepale, nusura nimtemee yule mzee kisiginoni. Nikanunua maji, nikasukutua mpaka mwenye duka akaniuliza kama nimeng'atwa na kitu. Unga ule ulikuwa bado kwenye meno. Kidogo kilikuwa kimeshashuka, nilikihisi. Sasa je, odowa ni chakula? Ni udongo. Lakini kamera itajua kwamba ni udongo? Huko tumboni kutaonekana kweupe kama ukuta uliopigwa chokaa, na daktari ataniambia nirudi nyumbani. Kutoka hapo sikutembea tena kwa amani.

Huruma hadi Eastleigh

Nilitembea nikibishana na nafsi. Nikisema, watanirudisha. Nisiposema, huenda jambo baya likatokea nikiwa nimelala pale. Nikasema nitasema. Nikapita dukani kwa samosa nikasema sitasema. Njaa ilikuwa imeanza kuniongelesha, na mnajua mtu anayepika kila siku hana pua ya kawaida. Niliweza kutaja vilivyomo kwenye kila sufuria ya Juja Road bila kuviona.

Eastleigh, First Avenue, matatu hazipo lakini msongamano uko palepale. Mikokoteni ilikuwa imechukua nafasi yao kwa moyo mkunjufu. Nilikwama kati ya marobota ya mazulia na kina mama wanaochagua pazia, na kwa sababu nilikuwa nimekwama mbele ya duka la Mzee Abdi, ambaye huniuzia unga na mafuta ya kupikia miaka sita sasa, sikuweza kupita bila salamu. Ingekuwa tusi.

Aliponiona nimeloa jasho akaniwekea kiti na kuagiza chai ya maziwa ya ngamia. Nikasema hapana, mzee, nimefunga. Kosa la kwanza nikalirudia. Uso wake ukang'aa. Akaniambia amefurahi mno, kwamba kila mtu na wakati wake, na kama nina swali lolote la dini mke wake atanieleza vizuri. Nikamweleza basi kila kitu, kuanzia kifua hadi kamera hadi odowa, kwa pumzi moja. Hakucheka, nami nitamshukuru kwa hilo mpaka nife. Alisogeza kile kikombe mbali na pua yangu.

"Mama, mimi hii moto nimekaa nayo miaka kumi," akasema. "Unalala na mito ngapi?"

Nikasema mitatu. Akatikisa kichwa. Mito inakukunja tumbo, akaniambia, ni kama kuinamisha mtungi usio na kifuniko. Yeye alikuwa akifanya hivyohivyo, mpaka alipoambiwa ainue kitanda chenyewe, miguu ya upande wa kichwani iwekwe juu ya matofali, mwili wote uteremke pamoja. Akaacha pia kujilaza baada ya chakula cha mchana. Na akilala, hulalia ubavu wa kushoto. Alisema hajapona kabisa, lakini siku hizi anaisikia adhana akiwa amelala vizuri, hajakaa kitako akikohoa.

Hayo ndiyo matofali yenu. Hakuna mganga.

Nikamuuliza kuhusu odowa. Akafikiri, akasema yeye anauza unga, hajui mawe, ila mtu asimfiche daktari. Nikanywa funda langu la mwisho la maji saa nne kasoro dakika tano, nikaondoka.

Kaloleni

Wa kunisindikiza alikuwa Senje Nafula, dada mkubwa wa marehemu mume wangu Wekesa. Wanangu humwita senje kwa kuwa ni shangazi yao, nami nikafuata wao. Anaishi kwenye zile nyumba za zamani za wafanyakazi wa reli, chumba alichoachiwa na baba yao, karibu na ukumbi wa mtaa. Ni mwanamke wa kanisa, mwenye sauti ya kuita mtu aliye ng'ambo ya uwanja. Tangu tumzike Wekesa, miaka mitatu sasa, tumekuwa tukiheshimiana sana, na mnajua watu wakianza kuheshimiana sana katika familia kuna kitu kimeharibika.

Nilifika saa sita na robo, kwa kupumzika kila kona, miguu inawaka kuliko kifua. Kabla sijagonga nikasikia harufu. Alikuwa amechinja jogoo.

Meza ilikuwa imetandikwa. Ugali, kuku wa mchuzi, mboga za kienyeji. Nilikuwa nimemweleza kwa simu kwamba sili, lakini Senje alisikia kwamba sili asubuhi. Kwake mchana ni mchana, na mgonjwa hapelekwi hospitali bila nguvu. Akaninawisha mikono kabla sijapata la kusema. Nikasema nimeshiba. Sijui kwa nini nilisema hivyo, labda kwa mazoea, maana ndiyo niliyokuwa nikisema nyumbani kwake siku zote. Mtu ambaye hajala tangu jana anasema ameshiba.

Akaweka birika chini polepole.

"Miaka mitatu, Mama Kevo," akasema. "Tangu tuzike Wekesa hujawahi kula kwangu. Krismasi ulishiba. Siku ya kumbukumbu ulishiba. Leo niambie tu wazi, unafikiri naweka nini kwa hii chakula?"

Jamani. Kwa watu wetu wote, wa kwetu milimani na wa mume wangu magharibi, kukataa chakula cha mtu baada ya msiba ni kumwambia jambo ambalo halitamkwi. Na mimi nilikuwa nimemwambia hivyo mara kwa mara, kwa tabasamu, bila kujua. Ukweli ni kwamba sahani za Senje ni za watu wawili, na huletwa jioni, na nikila hivyo kisha nipande gari kurudi Baba Dogo, kila kitu hunirudia kooni. Wakati mmoja kilinirudia kweli, kwenye leso. Niliona aibu kumwambia. Nikaona heri kushiba.

Niliketi, nikamweleza. Nilimweleza na jambo ambalo sikuwa nimemwambia mtu wa upande ule, la baba yangu na kijiko. Nililia, sitaficha. Nilikuwa na njaa, nimechoka, na saa ya ukutani ilikuwa inasema saa sita na dakika arobaini.

"Nikionja hata mchuzi watanirudisha," nikasema, "nami sitajua kama nakufa kama baba. Nifungie, Senje. Hicho ulichonipikia nitakila leo mbele yako, jua likiwa bado juu."

Aliingia nyuma ya pazia akakaa huko kidogo. Akatoka na magazeti na leso kuukuu, akaifunga sufuria nzima, akaitia kwenye kiondo na sahani mbili. Akavaa viatu vya kanisani. Tukatoka.

Njiani ndipo nilipotambua nilichoahidi. Kama ni ule wa baba, ningemezaje?

Kaloleni hadi hospitali

Jogoo Road Senje alitembea haraka kwa mwili wake, kiondo kichwani, na kila nilipobaki nyuma alisimama bila kugeuka. Karibu na mzunguko wa barabara mwendesha bodaboda mmoja alimwonea huruma, akakubali kutubeba mpaka juu hospitalini, mmoja baada ya mwingine. Aliondoka na Senje kwanza, Senje na kuku wake. Nikabaki kando ya barabara dakika ishirini na tano nikihesabu pikipiki zisizokuwa zetu, nikiwa na hakika kwamba ameibiwa, au wameanguka, au amefika akaanza kumlisha mwendeshaji. Kumbe walipotelea geti lisilo lenyewe. Tulifika mapokezi saa nane na dakika kumi. Nesi alitazama saa yake, akanipa gauni.

Nikamwambia mwenyewe kabla hajauliza. Nilikula odowa, Huruma, asubuhi. Alikuwa mtu wa pwani, hakuijua. Nikamweleza ni jiwe. Akaniuliza, kwa adabu sana, kama huwa nakula mawe mara kwa mara. Daktari aliyekuwa akipita, mwanamke wa makamo wa kwetu milimani, alicheka mpaka akashika mlango. Kisha akauliza nilitafuna kiasi gani, nilimeza kiasi gani, na saa ngapi. Nilimjibu kama niko kortini. Akasema ni chembe tu na muda mrefu umepita, tuendelee.

Walinipulizia dawa kooni, ulimi ukawa kama wa mtu mwingine, wakanilaza ubavu wa kushoto. Sitawadanganya, hiyo kamera si tamu. Unahisi kutapika na huna cha kutapika. Nesi alinishika bega akaniambia nipumue kwa pua. Nilifumba macho, na nilichokiona ni kijiko.

Dakika chache tu, nikaambiwa niketi. Daktari akaniambia kwa lugha ya mama, taratibu, kisha akarudia kwa Kiswahili ili Senje aliyeitwa ndani asikie pia. Hakuna uvimbe. Hakuna vidonda vya tumbo pia, hiyo alsa niliyojitibu sikuwahi kuwa nayo. Kati ya umio na tumbo kuna kijilango kinachopaswa kujifunga chakula kikishashuka. Changu kimelegea, kwa hivyo asidi hupanda na kuchoma huku juu, na umio wangu chini kabisa umechubuka kama mkono uliorukiwa na mafuta ya moto. Ndiyo maana chakula hukwama. Alichukua vipande vidogo vya kupima ili awe na hakika, na majibu yake yametoka Alhamisi: ni salama.

Kisha akaniuliza siku yangu inakwendaje, nikaona nimeshikwa. Naonja mapishi kutwa nzima bila kuketi, chai ya rangi kikombe juu ya kikombe, nikifunga kibanda nakula ugali wa mlima mmoja na kujitupa kwenye kochi. Na leso, akauliza, huwa unaifunga hivyo? Alama yake ilikuwa bado kiunoni. Kumbe kwa kukaza tumbo na kuinama juu ya sufuria nilikuwa nikiisukuma asidi ipande, kama mtu anayekamua chungwa. Maziwa hutuliza kwa muda, kisha tumbo hutoa asidi zaidi. Odowa akaniomba nimwachie mwenye ardhi. Hata dawa ya asidi niliyojinunulia dukani ilikuwa ya kweli, ila niliimeza nikishaungua. Inatakiwa kila siku, nusu saa kabla ya chakula cha asubuhi. Chakula kiwe kidogo kidogo, na cha mwisho angalau muda wa saa tatu kabla ya kulala. Akaongeza kwamba chakula kikianza kukwama tena nirudi mara moja, nisingoje kama baba.

Ya matofali alisema Mzee Abdi yuko sawa.

Benchi

Tuliketi nje chini ya ukuta, kwenye benchi la saruji. Ilibidi tungoje koo liamke, karibu saa nzima, na nesi alikuwa amesema nianze na kitu laini, tonge dogo dogo. Jua lilikuwa bado juu. Senje akafungua leso, akafungua magazeti, akafunua sufuria. Mchuzi ulikuwa umepoa na kuganda kidogo. Watu waliopita walitutazama, na Senje akawakaribisha wote, ndivyo alivyo.

Nikala tonge la ugali kwenye mchuzi. Likaenda polepole, likasimama kidogo mahali pake pa kawaida, likaenda. La pili vilevile. Senje mwenyewe hakuwa akila. Alikuwa anapekua sufuria kwa vidole, anatafuta kitu, akakitoa chini ya vipande vingine vyote. Firigisi.

Kwa watu wa mume wangu, firigisi ni ya mwanamume mwenye heshima mezani. Zamani mwanamke hakula hata kuku mwenyewe. Nilikuwa nimeishi na Wekesa miaka kumi na minne na sikuwahi kuionja.

"Hii ilikuwa ya ndugu yangu," Senje akasema. "Akija kwangu ni yake, hata mzee akiwa hapo. Alipokufa nikaona si ya mtu mwingine, ni yako. Kila ukija naiweka chini ya ugali yako, nasema akifika huko ataiona. Na wewe unarudisha sahani."

Nilikumbuka zile sahani zote, Krismasi na siku ya kumbukumbu, nilivyokuwa nikizisukuma mbele kwa vidole viwili nikijisifu kwa adabu yangu.

Akaikata kwa meno katikati, akanipa nusu. Mnajua firigisi haiharakishwi. Niliitafuna mpaka taya likachoka, mpaka hakukuwa na kitu cha kutafuna, na bado nikaendelea, maana niliogopa. Senje alikuwa ananitazama shingoni jinsi nilivyokuwa nikimtazama baba. Nikameza, nikangoja.

"Imeshuka?" akauliza.

"Imeshuka."

Akanipa ile nusu nyingine.